Barua kwa Fundi Fremu: Haiti na Picha za Uhuru Wake

Toleo lililopita niligusia, kwa sentensi mbili tu, picha ya Kihaiti niliyoiwekea fremu hapa dukani Montréal. Sentensi hizo mbili zimeniletea barua nyingi kuliko makala zangu zote za mwaka huu, na karibu nusu zimetoka Kenya. Sishangai. Tangu askari wa kwanza wa Kenya watue Port-au-Prince Juni 2024, Haiti imekuwa gumzo la mezani huko nyumbani, ingawa habari zenyewe ni za magenge na risasi tu.

Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa fremu kwa miaka mingi, na mtaa wa Saint-Michel ninakofanyia kazi una Wahaiti kila kona. Picha zao nazijua mbele na nyuma, na nyuma ndiko ninakoshinda zaidi. Mengine nimeyapata kwa wateja wanaopiga soga wakingoja gundi ikauke.

Shikamoo Bi Fundi. Nimeona picha ya zamani ya mtu aliyefungwa kwenye mlango, kifua wazi, kichwa kimeinama, bendera iko nyuma yake. Wengine wanamwita Yesu wa Haiti, wengine wanasema ni jambazi tu aliyeuawa na Wamarekani. Ni nani hasa? — Mwanafunzi wa historia, Dodoma

Marahaba mwanangu. Huyo ni Charlemagne Péralte, mzaliwa wa Hinche, na picha hiyo ilipigwa akiwa maiti, Novemba 1919.

Wanamaji wa Marekani waliingia Haiti Julai 1915 wakakaa mpaka 1934. Walishika forodha, wakashika benki, kisha wakafufua sheria ya zamani iliyoruhusu wakulima kuswagwa kwenda kuchimba barabara bila ujira. Hapo ndipo walipochokoza nyuki. Nchi nzima ilikuwa ya wajukuu na vitukuu vya watumwa waliomfukuza bwana wao wakajitangazia uhuru mwaka 1804, halafu anakuja mgeni na bunduki, anawafunga kamba, anawapa sururu. Péralte alikuwa ofisa wa jeshi aliyekataa kuwanyenyekea. Walimhukumu kazi ngumu, wakamfagiza barabara za Cap-Haïtien katika nguo za mfungwa, mbele ya watu waliomfahamu. Mwaka 1918 alitoroka, akaingia milimani, na wakulima kwa maelfu wakamfuata. Wapiganaji hao waliitwa kako.

Usiku wa kuamkia Novemba 1, 1919, ofisa mmoja Mmarekani aliyejipaka weusi usoni alipenya kambini kwake kwa msaada wa msaliti, akampiga risasi. Maiti ilifungwa kwenye mlango ikapigwa picha, na nakala zikatawanywa nchini ili watu waone kwamba mambo yamekwisha. Itazame tena picha yenyewe. Mikono imelegea. Kiunoni ana kitambaa. Kichwa kimelalia upande, na bendera imesimama juu yake. Hiyo ndiyo picha waliyowagawia Wakatoliki! Waliotaka kutisha watu walipiga picha ya Ijumaa Kuu bila kujua.

Aliyeijua ni Philomé Obin. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 27 huko huko kaskazini, tayari anachora, ila wanunuzi hawakuwapo na alijikimu kwa vibarua. Baadaye alikichora kifo hicho zaidi ya mara moja. Picha inayojulikana zaidi ni ya 1970, akiwa anakaribia miaka themanini, nayo aliiita kusulubiwa kwa Charlemagne Péralte kwa ajili ya uhuru. Mlango upo, kamba zipo, bendera ipo. Alichoongeza ni mama mzazi, amesimama pembeni katika nguo za msiba. Kamera ya wanajeshi haikuwa na nafasi ya mama. Obin alimleta, na kwa kumleta tu ile picha ya wanajeshi ikageuka matanga.

Chapa ya picha hiyo imepita mikononi mwangu. Ukiikaribia unaona jinsi Obin asivyokuwa na papara: mistari imenyooka kama amepima kwa rula, rangi hazivuki mpaka, hakuna machozi wala damu ya kumwagikamwagika. Amechora kama karani anavyoandika kumbukumbu za mahakama. Baada ya Wamarekani kuondoka, Péralte alifukuliwa akazikwa upya kwa heshima za taifa Cap-Haïtien, na mazishi hayo nayo Obin aliyachora. Mwaka 1944, alipotakiwa kwa mara ya kwanza kupeleka kazi yake katika kituo kipya cha sanaa mjini Port-au-Prince, hakupeleka minazi wala wanawake wa sokoni. Alipeleka picha ya Rais Roosevelt alipofika Cap-Haïtien kukomesha ukaaji wa wanajeshi wake.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani wamewaita wachoraji wa aina ya Obin wachoraji "wa kitoto", eti kwa kuwa hawakusomea. Naudhika kila ninapoliona neno hilo kwenye katalogi. Mtu aliyechagua nini kiingie na nini kitoke kwenye picha ya adui yake si mtoto. Kwa hiyo wewe, Péralte si Yesu na si jambazi. Ni kiongozi wa vita vya wakulima, na kama kuna anayebisha, mwambie sura yake ipo kwenye sarafu za Haiti.

Dada habari. Tulifundishwa kwamba Wafaransa walinunua watumwa hapa Kilwa. Kuna uwezekano damu yetu iko Haiti? — Msomaji, Kilwa Masoko

Upo, ingawa ni tone. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa elfu moja kila mwaka. Soko lao kubwa lilikuwa Mauritius na Réunion. Lakini Saint-Domingue, ndilo jina la Haiti wakati huo, lilikuwa koloni lenye utajiri kupita yote ya Ufaransa, na miaka ya 1780 baadhi ya meli zilibeba watu kutoka Msumbiji zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Karibi. Kwenye orodha za mashamba waliandikwa "Mozambique", bila kujali kila mmoja nyumbani alijiita nani.

Wengi zaidi walitoka Kongo na pwani ya Benin, na alama zao ndizo zinazoonekana kwenye sanaa. Wahaiti wana kitu kinaitwa pakèt kongo: mfuko uliofungwa kwa kitambaa na utepe, umejaa mitishamba na udongo, juu una manyoya. Muulize Mkongo yeyote wa upande wa Atlantiki, atakuambia ni nini kabla hujamaliza kueleza. Karibu na Gonaïves upo ua mkubwa wa ibada unaoitwa Soukri ambako ngoma za Kongo hupigwa hadi leo. Ila usiende Haiti kutafuta taarab, utarudi mikono mitupu.

Bi Fundi, watu wanasifu sanamu ya mtumwa mtoro iliyoko Port-au-Prince. Si iliagizwa na Duvalier, dikteta aliyewatesa watu wake? Inawezaje kuitwa sanaa ya uhuru? — Mwalimu, Mombasa

Mwalimu, umeniweka pagumu na umefanya vizuri.

Ni kweli. Sanamu hiyo ya shaba, wenyewe huiita Nèg Mawon, ilikamilika mwaka 1967 chini ya François Duvalier, na ikawekwa karibu na ikulu yake. Mtu mwenye wanamgambo wa kuwachukua watu usiku alitaka wananchi wamwone kama mrithi wa watoro. Alinunua ukoo, ndivyo ninavyoona mimi.

Lakini aliyeifinyanga ni Albert Mangonès, mbunifu wa majengo, naye alimpa Duvalier kitu kikubwa kuliko alichoomba. Mtoro amepiga goti moja, mguu wa pili ameunyoosha nyuma, na kwenye kifundo kuna kipande cha mnyororo uliokatika. Mkono mmoja una panga, limeelekea chini. Mkono wa pili umeshika kombe la baharini mdomoni, na kichwa kimerudi nyuma kabisa, kama mtu anayepuliza mpaka pumzi ya mwisho. Anawaita wenzake. Sasa niambie, mbiu ikilia mbele ya ikulu, mwenye kuogopa ni nani? Mwaka 1986 mtoto wa Duvalier alikimbia nchi, sanamu ikabaki. Januari 2010 tetemeko liliibomoa ikulu yenyewe, sanamu ikabaki, na familia zilizopoteza nyumba zikapiga mahema kuizunguka.

Mimi siwezi kuitupa kazi kwa sababu ya aliyelipa. Ningekuwa natupa, nisingekuwa na kazi, maana wenye pesa za fremu si malaika. Ila nakubaliana nawe kwamba atakayeisimulia sanamu hiyo bila kumtaja Duvalier amesimulia nusu. Na nikuulize na wewe, watoro wetu wa Fuladoyo, waliokimbia mashamba ya pwani karne ya 19, sanamu yao iko wapi?

Kama walijikomboa mapema hivyo, mbona ni maskini hivyo? — Msomaji, Muscat

Hili si la fremu, ila nitalijibu kwa kifupi. Mwaka 1825 mfalme wa Ufaransa, Charles X, alipeleka manowari na madai: faranga milioni 150 kama fidia kwa waliokuwa wenye mashamba na watumwa, ndipo Haiti itambuliwe. Baadaye zilipunguzwa kufikia milioni 90. Aliyekuwa mtumwa alimlipa bwana wake gharama ya kumpoteza yeye mwenyewe, tena kwa mikopo ya benki za Paris, na madeni yaliyotokana na hayo yaliburutwa hadi karne ya 20. Zipo sababu nyingine za ndani, wizi wa viongozi ukiwemo. Lakini anayeanza hesabu bila 1825 anadanganya.

Deni hilo sijaletewa hata picha moja. Wanachochora ni Januari 1, siku Dessalines, jenerali wa vita vya uhuru, alipotangaza uhuru pale Gonaïves. Siku hiyo kila nyumba hupika supu ya boga, kwa kuwa, wanavyosimulia wao, ilikuwa chakula cha bwana na mtumwa hakuruhusiwa kuionja. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2021. Majirani zangu huniletea sufuria ndogo kila mwaka mpya, yenye nyama ya kutosha.

Basquiat ni Mhaiti au Mmarekani? Tunabishana hapa studio. — Vijana wa Arusha

Mchoraji Jean-Michel Basquiat alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1960, baba mzaliwa wa Port-au-Prince, mama mwenye asili ya Puerto Rico. Jina la Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa walioasi Haiti, lipo katika kazi yake ya 1983. Alifariki mwaka 1988, bado kijana wa miaka 27. Wote mmeshinda, gaweni soda.

Mkimaliza kubishana, mtafuteni Jacob Lawrence. Huyu hakuwa Mhaiti kabisa. Alikuwa kijana mweusi wa Harlem aliyechora maisha ya Toussaint katika picha 41, akazimaliza mwaka 1938 akiwa na miaka ishirini na kidogo. Hakuna picha ya Toussaint ambayo wote wanakubaliana kwamba alichorwa akiwa ameketi mbele ya mchoraji, kwa hiyo kila kizazi kimejichorea wake.

Jambo mama. Babu yangu alifundishwa hesabu na mwalimu Mhaiti hapa Bukavu miaka ya sitini. Mwalimu alimwachia kadi ya posta ya kanisa, ukutani kuna hadithi za Biblia ila watu na vijiji ni vya weusi. Kanisa hilo bado lipo? — Mjukuu, Bukavu

Jambo sana mwanangu, na umenifurahisha. Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960, walimu, madaktari na wataalamu wa Kihaiti walikwenda huko kwa mamia. Walijua Kifaransa, walikuwa weusi, na wengi walikuwa wanamkimbia Duvalier. Mtengenezaji filamu Raoul Peck ni mtoto wa familia mojawapo, alikulia Léopoldville, Kinshasa ya leo, na ndiyo maana Lumumba hakumtoka kichwani hadi akamfanyia filamu.

Kadi yako, kwa maelezo hayo, naamini ni ya Sainte-Trinité, kanisa kuu la Kianglikana la Port-au-Prince. Hadithi yake inaanzia kwa Mmarekani DeWitt Peters, mchoraji wa rangi za maji, aliyefungua Centre d'Art mwaka 1944. Waliokuja hapo walikuwa watu wa kawaida. Rigaud Benoit alikuwa dereva. Castera Bazile alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Peters mwenyewe. Hector Hyppolite alikuwa kuhani wa vudu, dini ya Wahaiti yenye mizizi Afrika, aliyepaka rangi kwa manyoya ya kuku, na walimgundua kwa sababu ya mlango wa baa aliouchora maua na ndege kule Montrouis. Desemba 1945 mshairi Mfaransa André Breton alifika, akaziona picha za Hyppolite akazinunua. Mihadhara yake ikawasha vijana: gazeti la wanafunzi, *La Ruche*, likatoa toleo kwa heshima yake, serikali ikalipiga marufuku, wanafunzi wakagoma, mji ukagoma, na Januari 1946 Rais Lescot akaondoka madarakani. Sisemi mashairi yaliangusha serikali. Kuni zilikuwa kavu tayari.

Kumbuka pia kwamba mwanzoni mwa miaka hiyo ya arobaini Kanisa Katoliki lilikuwa limeendesha kampeni ya kuteketeza ngoma na vifaa vya vudu, serikali ikiunga mkono. Ndipo utaona uzito wa uamuzi wa Askofu Voegeli wa Waanglikana, alipowaita wachoraji hao mwaka 1950 akawapa kuta za kanisa lake. Wilson Bigaud, kijana mdogo kabisa, alichora arusi ya Kana. Bazile alichora ubatizo. Obin, yule yule wa Péralte, alichora karamu ya mwisho. Dereva na mtumishi wa ndani walipanda jukwaa wakachora Injili juu ya madhabahu, katika mji ambao matajiri wake waliona aibu hata kuzungumza Kikrioli mbele ya wageni.

Januari 12, 2010, tetemeko lilibomoa kanisa. Kati ya michoro 14 ilibaki mitatu: karamu ya Obin, ubatizo wa Bazile, na maandamano ya Préfète Duffaut. Mafundi wa Kihaiti pamoja na wale wa taasisi ya Smithsonian waliikata kutoka ukutani vipande vipande ikahifadhiwa. Arusi ya Kana ilikwenda na kifusi. Basi hiyo kadi, kama ni ya Bigaud, usiibandike kwa selotepu. Selotepu inageuka manjano na inakula karatasi. Nunua bahasha isiyo na asidi, ikae gizani.

Salamu kutoka Unguja. Mimi ni fundi cherehani, nadarizi kanzu na kofia. Nimeona bendera za Kihaiti za shanga zinazong'aa. Zinashonwaje, na kwa nini bendera? — Mama Darizi

Waalaikum salaam mama. Nimefurahi kupata fundi mwenzangu.

Kwa nini bendera: kwa sababu vita vyao vilianza na kuishia nazo. Wahaiti husimulia kwamba Mei 18, 1803, pale Arcahaie, Dessalines alichukua bendera ya Wafaransa akaondoa kitambaa cheupe cha katikati, na mwanamke aitwaye Catherine Flon akaunganisha buluu na nyekundu zilizobaki. Kwa hiyo taifa lilianzia kwenye sindano, na kila Mei 18 wasichana wa shule huvaa kama yeye. Katika nyumba za vudu nako ibada hufunguliwa kwa bendera mbili, zinaingia kwa mwendo wa kijeshi, mwenye upanga yuko katikati. Bendera ni ya roho fulani, ila heshima inayopewa ni ya kikosi.

Zamani zilidariziwa kwa vimetameta, kila kimoja kimekazwa na ushanga mdogo katikati. Aliyebadilisha mambo ni Myrlande Constant, aliyezaliwa mwaka 1968. Yeye na mama yake walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha magauni ya arusi, ya kusafirishwa nje. Ujira ulikuwa mdogo, akaacha kazi, lakini mkono wa kiwandani aliondoka nao. Kitambaa hukazwa kwenye fremu ya mbao mpaka kilie kama ngoma ukikigonga. Mchoro uko upande wa juu unaoutazama. Shanga ziko chini, upande usiouona, na zinashikwa kwa sindano ya ndoano inayopenya na kurudi. Yaani unafanya kazi kwa kutazama mgongo. Mpaka kitambaa kigeuzwe, sura ya mbele unaijua kwa vidole tu.

Kazi zake kubwa hukaliwa na watu kadhaa kuizunguka fremu, miezi kwa miezi, familia ikiwemo. Ndipo alipoweza kupata vivuli, moshi, maji, nyuso zenye mashavu, vitu ambavyo vimetameta havikuruhusu. Ana bendera kubwa kuhusu siku ile ya tetemeko, watu na magari na majengo yamelaliana kila pembe, na roho za Kihaiti zimo humo humo kazini. Mwaka 2022 kazi zake zilitundikwa kwenye maonyesho makuu ya Venice.

Bendera ya fundi mwingine nimewahi kuiwekea fremu. Ni nzito ajabu. Ukiitundika kwa pini mbili tu kitambaa kinatepeta katikati kama shuka lililolowa, kwa hiyo niliishonea mgongoni kitambaa kigumu cha pamba, uzi kila baada ya inchi mbili. Na uliniuliza pembeni kama Mwislamu anaweza kushona kitu hicho. Muulize shehe wako, mimi ni wa fremu. Shanga hazina dini, hilo naweza kukuhakikishia.

Bwana asifiwe mama. Mume wangu ni askari, alikuwa Haiti. Amerudi na bati jeusi lililokatwa umbo la mwanamke mwenye mkia wa samaki, ana kioo na kitana. Mama mkwe hataki litundikwe sebuleni, anasema ni jini la vudu. Mume anasema ni ukumbusho wa kazi. Nifanyeje? Tena limeanza kutu. — Mke wa askari, Nakuru

Amina mama. Kwanza geuza hilo bati utazame mgongo. Kama ni la kweli utaona mabaki ya rangi ya kiwandani, pengine buluu au nyekundu, na mistari mipana iliyovimba kidogo inayokatiza umbo. Hiyo ni mbavu za pipa la mafuta, lile la lita mia mbili. Sanaa hiyo inatoka Noailles, kitongoji cha Croix-des-Bouquets, nje ya Port-au-Prince.

Wanatoa mifuniko ya pipa, wanajaza nyasi kavu au majani ya migomba ndani, wanawasha moto uchome mafuta na rangi. Likipoa wanalipasua ubavuni, wanalikanyaga na kuligonga mpaka liwe bapa. Kisha chaki. Kisha tindo na nyundo, bila umeme, kila mkunjo wa nywele unakatwa kwa pigo. Tupa inaondoa makali, vanishi inafunga. Ukipita Kamukunji, Nairobi, pale jua kali wanapogonga masanduku na makarai, utasikia mlio ule ule.

Aliyeanzisha ni mhunzi Georges Liautaud. Alikuwa anatengeneza misalaba ya makaburi ya mji wake, na DeWitt Peters aliiona makaburini mwaka 1953 akauliza ni ya nani. Baada ya misalaba Liautaud akakata nguva, mashetani, watu wenye mbawa, na kijiji kizima kikajifunza. Serge Jolimeau, aliyezaliwa mwaka 1952, ni wa kizazi kilichofuata, na kazi zake ziko kwenye makumbusho. Katika vudu chuma kina mwenyewe, Ogou, roho wa wahunzi na wa vita, na Dessalines wanamhesabu ndani ya ukoo huo. Enzi za utumwa chuma kilikuwa pingu za shingoni na miguuni. Mjukuu akishika tindo akakikata nywele na mapezi, yeye na mimi tunaelewana bila maelezo.

Sasa, mama mkwe. Sitamdharau, maana hajakosea jina: huyo ni Lasirèn, roho wa baharini, na kioo na kitana ni vyake. Anayemwamini humtengea meza na sadaka. Bati lililouzwa kwa mgeni halijatengewa chochote, ni kazi ya fundi aliyetaka kula. Na mafundi hao siku hizi wana shida kubwa. Croix-des-Bouquets imekuwa ngome ya genge miaka kadhaa sasa, wengi wamekimbia na karakana zimenyamaza. Mume wako alikwenda kwa ajili ya hali hiyo hiyo. Mwambie mama mkwe kwamba mwanawe amerudi na mkate wa mtu, huenda akalainika. Akikataa, kuna korido, kuna chumba chenu cha kulala. Usianzishe vita vya ukuta na mama wa mume kwa sababu ya nguva.

Kutu ni rahisi. Sugua kwa sufi laini ya chuma, usitumie msasa, utachubua. Futa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta ya cherehani kidogo sana, subiri siku moja, futa tena, halafu vanishi isiyong'aa, mbele na nyuma. Lisigusane na ukuta moja kwa moja, weka vipande vya mpira nyuma ili hewa ipite. Mume atoboe mwenyewe, na atumie parafujo mbili, maana mkia wa nguva ni mzito kuliko kichwa na kwa parafujo moja litapinda.